Stima ya mbao yenye magurudumu ubavuni: kuni zote hizo alikuwa anakata nani?

BintiKigamboni aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa. Swali langu ni la ajabu kidogo, mnivumilie.

Niko Vancouver, Kanada, mwaka wa nne huu. Jumapili nisipokuwa na zamu huwa namchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, tunazunguka Stanley Park. Juzi tukasimama Prospect Point, lile jabali linalotazama mlango wa bandari. Pale pana kumbukumbu ya stima moja inaitwa Beaver, ilipanda mwamba hapo chini mwaka 1888. Mtoto akasoma, akanigeukia: "Mamdogo, ilikuwa inaweka mafuta wapi?" Nikamwambia haikutumia mafuta, ilitumia kuni. "Kuni ngapi?" Hapo nikaanza kumwonyesha ndege.

Usiku nikasoma kidogo. Iliundwa Blackwall, London, ikashushwa majini mwaka 1835. Mwili wote mbao, urefu kama mita 31, gurudumu la makafi kila ubavu. Wenyewe walikuwa Hudson's Bay Company, wale wafanyabiashara wa manyoya. Ndiyo stima ya kwanza kufanya kazi pwani yote hii ya kaskazini-magharibi ya Amerika. Sasa kila ninaposoma nakuta gavana fulani alipanda, ngome fulani ilijengwa. Mimi nataka kujua kazi. Asubuhi nani anaanza? Moto unawashwa saa ngapi? Kuni zinatoka wapi wakati pwani haina hata gati? Na chombo cha mbao chenye tanuri tumboni kinakaaje miaka 50 bila kuungua?

Nimekulia karibu na kivuko, kwa hiyo injini nazijua kwa mngurumo tu. Nielezeni kama mnavyomweleza mtu anayemwelezea mtoto.

KasukuWaLikoni alijibu:

Gurudumu kila ubavu? Hiyo si meli, hiyo ni baiskeli iliyoogopa kuanguka. Ngoja Mzee wa Boila aamke, hapa kuna neno "kuni", hawezi kupita.

MzeeWaBoila alijibu:

Marahaba mwanangu. Kasuku, nimeamka tangu saa kumi, wewe ndiye ulikuwa umelala.

Niseme ukweli kwanza. Meli nimepanda mara mbili maishani, zote Ziwa Nyasa, na zote nilitapika. Kwa hiyo mambo ya tanga na mawimbi watajibu watu wa pwani. Lakini kuni, moto na boila, hapo umenipata. Nimechochea boila ya kiwanda cha chai huku Mufindi miaka 26, kuni za mkaratusi, mchana na usiku. Habari za Beaver nilizisoma zamani kwa sababu mwanangu mmoja alinitumia, na nilivyosoma sikuona meli. Niliona boila iliyopewa magurudumu.

Anza na hesabu ya watu. Chombo kile kilikuwa na watu kama 30. Kati yao 13 walikuwa wakata kuni na wanne wachochea moto. Zaidi ya nusu ya watu wa melini kazi yao ilikuwa kulisha tanuri! Toa nahodha, mafundi wa mitambo, mpishi, mfanyabiashara wa kampuni, uone mabaharia wa kweli wamebaki wangapi. Historia inaandika "stima ilifika." Stima haikufika, ilifikishwa na mashoka.

Siku ya kazi basi. Usifikiri ilikuwa inatembea kila siku. Ilitembea, ikaingia kwenye hori lenye maji matulivu, ikatia nanga, ikakaa siku nzima au zaidi wakata kuni wakishuka kwa mashua. Pwani yenu hiyo umeiona wewe mwenyewe, msitu unashuka mpaka majini. Miti haikuwa taabu. Taabu ni kwamba mti uliosimama si kuni. Unaangusha, unakata vipande, unapasua, unabeba juu ya mawe yenye mwani unaoteleza, unapakia mashuani, unapiga makasia, unapandisha melini, unapanga. Na mvua ya huko, mwanangu, unaijua.

Sasa hapa ndipo watu wasiochochea moto hawaelewi. Mti ulioangushwa leo ukatiwa tanurini kesho una maji nusu ya uzito wake, pengine na zaidi. Unapoweka gogo la namna hiyo juu ya makaa halishiki moto. Linalia kwanza. Ukitazama kwenye kichwa cha gogo, pale lilipokatwa, utaona povu linatoka kama mate ya ng'ombe, halafu maji ya kahawia yanachirizika na kuzima makaa yaliyo chini yake. Moshi unakuwa mweupe, mzito. Ule moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla haujachemsha maji yaliyo ndani ya boila. Mwaka mmoja wa masika marefu kiwandani kwetu ghala la kuni lilivuja, mkuu wa zamu akasema tuchome hivyo hivyo. Mshale wa mvuke ukakataa kupanda usiku kucha. Majani kwenye mashine ya kukaushia yakatoka yamelegea kama mchicha, na lawama ikaja kwangu, siyo kwenye paa. Basi nikisoma kwamba watu wa Beaver walichoma misonobari iliyokatwa juzi, natikisa kichwa.

Mtoto ameuliza kuni ngapi, naye asiachwe hivi hivi. Mitambo yake ilikuwa miwili, ya kiwanda cha Boulton and Watt, kila mmoja ukihesabiwa nguvu za farasi 35. Mitambo ya zama zile ilikuwa mlafi. Kwa hesabu yangu ya mkono, na ni hesabu yangu tu, saa 12 za mwendo kwa kuni mbichi haziwezi kupungua lori la tani kumi. Mwambie mtoto achukue lori la kokoto, alijaze kuni, halafu watu 13 wamalize kulikata, kulipasua na kulipakia kabla mkubwa hajaanza kuuliza kwa nini bado tumetia nanga.

Mchochea moto yeye alianza kabla ya wote. Boila la maji mengi namna ile huwezi kulikurupusha. Ukiharakisha, mabati yanatanuka upande mmoja na maungio yanavuja. Moto unaanza mdogo, gizani, unaupandisha taratibu saa kadhaa. Nguvu ya mvuke ilikuwa ndogo mno, sisi kiwandani tungecheka: haikufika hata bar moja (bar ni kipimo cha msukumo wa mvuke), boila yetu ilikuwa inafanya kazi kwenye kumi. Lakini wale walikuwa wanatumia ujanja wa Watt. Mvuke ukishasukuma pistoni unapelekwa kwenye chumba cha pembeni, unanyunyiziwa maji baridi, unarudi kuwa maji ghafla, na pale panabaki utupu. Utupu ule unaivuta pistoni. Nusu ya kazi na zaidi ilifanywa na mvuke uliokufa, siyo ulio hai.

Nguvu ndogo haina maana kazi nyepesi. Januari 1838, huko Fort Simpson, ngome ya kampuni, nahodha William McNeill aliwachapa viboko wachochea moto wake wawili. Wenzao wakagoma, wakasema hawafanyi kazi chini yake. Niliposoma hapo niliweka kikombe chini. Kila mahali nilipopita, mtu wa motoni ndiye wa kwanza kulaumiwa na wa mwisho kupewa chai.

Kuhusu chumvi ya maji ya bahari ndani ya boila nitarudi, naitwa kula.

FundiWaMajahazi alijibu:

Dada, salaam kutoka Lamu. Mzee amemaliza kuni, mimi niseme mwili wa chombo.

Kwanza ujue Beaver haikwenda huko kwa magurudumu. Agosti 1835 iliondoka Uingereza ikiwa na milingoti miwili na matanga kama chombo kingine chochote, makafi yamefunguliwa na kuwekwa ngamani, chini ndani ya chombo. Ikazunguka Cape Horn kule kusini kabisa, ikapita Hawaii, ikafika mlango wa mto Columbia Machi 1836. Ilipofika Fort Vancouver (siyo Vancouver yako, hiyo nyingine iko juu ya mto Columbia, upande wa Marekani) ndipo wakayafunga makafi, na mwezi Mei wakaanza kuijaribu kwa mvuke. Akili nzuri hiyo. Ungevuka bahari kuu na magurudumu yale yangekuua, maana chombo kikilala upande mmoja, gurudumu la chini linazama na kulemewa, la juu linapiga hewa. Chombo kinageuka kama punda aliyevutwa sikio. Usukani hautoshi.

Ndiyo maana kazi yake ilikuwa kwenye mahori na mikondo ya ndani, kati ya visiwa. Pale wimbi ni dogo, upepo haueleweki, na mkondo wa maji kupwa na kujaa una nguvu za kutisha. Jahazi lingengoja upepo wiki nzima. Stima inapita.

Magurudumu yenyewe yaliwekwa mbele sana kuliko unavyotarajia, karibu na omo, yaani pua ya chombo. Na kuna jambo moja watu wa magurudumu wote walilijua: chombo kikiwa kimejaa kuni kinakaa chini, makafi yanazama mno na mtambo unahema. Kuni zikiisha chombo kinaelea juu, makafi yanagusa maji juu juu tu. Kwa hiyo katika safari nzima kina saa chache tu ambazo gurudumu linakula maji sawasawa.

Ulivyouliza kuhusu moto: tanuri lilikuwa ndani ya boila lenyewe, limezungukwa na maji, siyo jiko la wazi. Cheche za dohani ndizo za kuogopwa, hasa kwa tanga lililo wazi na kamba zenye lami. Lakini mimi ningeogopa zaidi mtikisiko. Kalafati, ile pamba inayoziba nyufa, inakaa kwenye mbao kwa sababu mbao zinakaa pamoja. Ukiweka mtambo wa chuma wenye uzito ule katikati, ukaupiga kila pigo mchana kutwa, mataruma, yaani mbavu za chombo, yanaanza kuongea. Jahazi la kawaida unalizibia kalafati kwa msimu. Hilo ningelisikiliza kila usiku na mkono juu ya ubao. Waliomjenga hawakuwa wajinga, walitumia mwaloni, na chini wakamvika shaba ili mchwa wa baharini asipate mlango.

KasukuWaLikoni alijibu:

"Mataruma yanaanza kuongea." Fundi, wewe ungekuwa mshairi tungekula vizuri.

MwanaKumbukumbu alijibu:

Naongeza jambo moja dogo ambalo watoto hulipenda. Watu wa Milbanke Sound, Waheiltsuk, wenyeji wa pwani hiyo hiyo, walipoiona Beaver mara za kwanza waliahidi kwamba na wao watatengeneza ya kwao. Wakatengeneza. Walichimba mti mmoja mkubwa, urefu kama futi 20 au 30, wakaupaka rangi nyeusi na kuuchora madirisha ya mizinga, wakaufunika juu kwa sitaha, wakautia makafi mekundu ubavuni. Ndani, chini ya sitaha, walikaa watu wanayazungusha kwa mikono. Ikaenda kweli, mwendo kama wa mtu anayetembea kwa miguu. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa melini aliandika habari hiyo akiwa anatabasamu kidogo. Mimi nadhani waliielewa stima kuliko alivyowaelewa yeye: waliona kwamba siri ni watu waliofichwa chini.

Na hii biashara yenyewe ilifanyika melini. Stima inatia nanga, mitumbwi inakuja na ngozi za biva (yule mnyama wa mtoni aliyeipa stima jina) na za fisi-maji wa bahari, wanapewa mablanketi na bidhaa nyingine. Pembeni mwa sitaha palifungwa nyavu ili watu wasipande wengi kwa pamoja, na mizinga ilikuwepo. Haikuwa duka la kirafiki. George Simpson, mkuu wa kampuni, alisafiri nayo mwaka 1841, akaona duka linaloelea linaweza kuchukua nafasi ya ngome kadhaa za nchi kavu, na ngome mbili zikafungwa mwaka 1843.

Kwa upande wetu, shida hii ya kuni ilifika mapema. Mwaka 1858 David Livingstone alipanda Zambezi na stima ndogo ya magurudumu, Ma Robert. Mwili wake ulikuwa wa bati jembamba la chuma cha pua, si mbao, lakini tanuri lilikuwa la kuni vile vile, na msafara ulitumia siku nyingi kwenye shoka. Walichoma hata mpingo.

MzeeWaBoila alijibu:

Mpingo! Astaghfirullah. Moto wake mzuri, siwezi kukataa, lakini shoka linarudi limepinda meno, na mtu anayejua thamani yake anaumwa tumbo.

Nimeshakula. Sasa chumvi.

Maji ya bahari yana chumvi kama sehemu moja katika kila sehemu thelathini. Ukichemsha, mvuke unaondoka mtupu, chumvi inabaki. Unaongeza maji mengine ya bahari, mvuke unaondoka, chumvi inabaki tena. Baada ya saa chache ndani ya boila hakuna maji ya bahari, kuna mchuzi. Mchuzi ule unashika kwenye mabati ya moto na kufanya ukoko. Mama akiacha wali jikoni unajua ukoko unavyokaa: chini mweusi, juu mbichi. Ni hivyo hivyo. Ukoko ukishakuwa mnene, joto halipiti kwenda majini, bati linakuwa jekundu, linalegea, linavimba kuelekea motoni. Sisi tulikuwa na maji ya kisima, magumu kiasi tu, na bado kila tulipofungua boila niliingia ndani na nyundo ndogo. Unalala chali kwenye giza, taa ya waya kifuani, unagonga, magamba yanakudondokea machoni. Yanatoka vipande kama vigae, upande mmoja laini, upande mwingine umechukua alama ya bati mpaka unaona misumari. Siku ya kwanza niligonga saa sita na usiku nikaota nagonga.

Dawa yao ilikuwa kumwaga. Kila baada ya muda unafungua koki ya chini, unaachia mchuzi wa moto urudi baharini, unaingiza maji mapya. Maana yake unamwaga joto ulilolipia kwa kuni. Mkata kuni akisikia ule mlio wa maji ya moto yanatoka ubavuni, anajua pale inaondoka miti yake. Na usipomwaga, unaua boila. Hapo hakuna njia ya tatu.

Ndiyo maana, BintiKigamboni, ulipouliza chombo kilikaaje miaka 50, mimi nilicheka. Mwaloni ndio uliokaa. Boila zilikufa na kubadilishwa mara kadhaa katika maisha yake. Chuma kiliondoka, mbao zikabaki zinangoja chuma kingine. Watu hufikiri kinyume.

Halafu kuna mtu hatujamtaja: fundi wa mtambo. Mtambo wa Beaver ulikuwa wa aina yenye mihimili chini, pembeni mwa silinda, siyo juu. Pistoni inapanda, fito mbili zinashuka ubavuni kuvuta mihimili, mihimili kwa upande wa pili inasukuma mkono unaozungusha shafti ya magurudumu. Uzito wote unakaa chini, chombo hakipinduki. Kurudi nyuma hakukuwa na gia ya kubonyeza. Nahodha akipiga kelele juu, fundi anachomoa ndoano inayoendesha vali, anashika wenzo, anaendesha mvuke kwa mkono wake, pigo baada ya pigo, huku hana dirisha la kuona meli inaelekea wapi. Fikiria kuingia kwenye mkondo mwembamba namna hiyo. Silinda mbili zilisaidia, maana mikono yake ilikaa pembe tofauti, mmoja ukifika mwisho mwingine uko katikati, basi mtambo haukwami. Lakini ule utulivu wa mkono, hakuna kitabu kinachoufundisha.

BintiKigamboni alijibu:

Mzee wangu, nimesoma mara mbili, ya pili kwa sauti nikimtafsiria mtoto (Kiswahili chake kina mashimo). Kwenye gogo linalolia aliniambia nisimame, akaenda kuchukua daftari. Tani kumi amezigeuza kuwa tembo wawili, na wakata kuni 13 amewachora wote wamevaa koti la mvua.

FundiWaMajahazi, ahsante kwa ile ya Fort Vancouver, nilikuwa nimeshachanganya.

Maswali mawili tu yamebaki. Kwa nini wasingetumia makaa ya mawe wakapumzisha mashoka? Na mwisho wake ulikuwaje hasa?

MwanaKumbukumbu alijibu:

Makaa yalikuja, lakini baadaye. Kusafirisha kutoka Uingereza ilikuwa kuvuka dunia. Kampuni ilianza kuchimba Fort Rupert mwaka 1849, kwenye kisiwa cha Vancouver, halafu Nanaimo mwaka 1852. Kabla ya hapo Beaver ilikuwa imeshachoma msitu miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1843 ndiyo iliyompeleka James Douglas mahali ilipojengwa Fort Victoria, mji wa Victoria wa leo.

Baadaye kazi zikabadilika. Kuanzia mwaka 1863 jeshi la majini la Uingereza liliikodi kupima pwani, miaka kama saba. Kina cha mahori mengi kwenye ramani za pwani hiyo kilipimwa kutoka kwenye sitaha yake. Mwaka 1874 kampuni ikaiuza. Wanunuzi wa Victoria wakaifanya ya kuvuta: magogo, majahazi yasiyo na upepo, chochote chenye kulipa.

FundiWaMajahazi alijibu:

Hapo ndipo ninaposikitika kidogo. Chombo kilichozungukwa na shaba na mwaloni kikaishia kuburuta magogo. Lakini sisi tunaopanda jahazi la zamani tunajua, chombo hakistaafu, kinapewa mzigo mchafu zaidi.

Julai 1888 ikitoka bandari ya Vancouver, ikakumbatia ukingo, ikakaa juu ya mawe ya Prospect Point. Haikuzama. Ilikaa pale, wazi, miaka minne. Watu wakaja na nyundo na misumeno, kila mtu na kipande chake. Shaba yake ikayeyushwa, wakagongea medali za kuuza. Julai 1892 stima nyingine ya magurudumu, Yosemite, ikapita karibu, na mawimbi yake yakaiangusha kutoka kwenye mwamba ikaenda chini.

KasukuWaLikoni alijibu:

Yaani imeuawa na magurudumu ya mwenzake. Hii siongezi utani.

MzeeWaBoila alijibu:

Mwanangu, una nafasi Jumamosi? Mji wenu una Vancouver Maritime Museum, na mabaki ya Beaver wanayo. Nenda na mtoto, mwambie asitazame nanga, kila mtu hutazama nanga. Mtafute chuma chochote kilichokuwa na kazi, shafti, mkono, kipande cha boila, kile watakachokuwa nacho. Mtazame pale chuma kilipokuwa kinasugua chuma kingine. Panakuwa laini kupita sehemu nyingine, na ukipitisha kidole unasikia kakijito. Kama mlinzi akikataza kugusa, basi chutama, utazame kwa ubavu, mwanga ukipita chini chini utaona.

Halafu niandikie ni upande gani umelika zaidi. Boila letu lilikuwa linalika mkono wa kulia, na mpaka leo sijui kwa nini.

BintiKigamboni alijibu:

Jumamosi niko zamu ya asubuhi, tutakwenda saa nane. Mtoto anauliza kama achukue rula.

MzeeWaBoila alijibu:

Achukue. Na tochi.